Fizio ananipima umeme wa misuli ya mgongo, maumivu yamepungua ila grafu ni ileile, nifuate kipi?

Kiunokigumu

Habari za saa hizi wadau, naombeni mawazo yenu hasa mliopitia fiziotherapi au mnaofanya kazi hizo.

Nina maumivu ya mgongo huku chini kiunoni, ya muda mrefu, sio yale ya kunyanyua kitu vibaya halafu wiki ijayo yameisha. MRI ilionyesha diski zimechakaa kidogo lakini hakuna neva iliyobanwa, daktari akasema hapa hakuna cha kupasua, nenda kwa fizio. Nikaenda. Sasa huyu fizio kabla ya mazoezi ananifuta mgongo na spiriti, ananibandika stika mbilimbili kushoto na kulia kwa uti wa mgongo na nyingine moja juu ya mfupa, zote zina waya zinaingia kwenye kompyuta, halafu ananiambia inama taratibu mpaka mwisho wako, tulia hapohapo, haya nyanyuka. Kwenye skrini mistari inachachamaa kadiri ninavyoinama. Anasema kwa mtu asiye na tatizo akifika chini kabisa misuli ya mgongo inajizima yenyewe na mstari unalala, ila wa kwangu haulali, naning'inia pale chini na bado unatetemeka tu.

Swali langu ndo hili. Mazoezi nimefanya na maumivu yamepungua kweli kweli, usiku nalala, soksi navaa mwenyewe, kiti nakaa mpaka kazi inaisha. Lakini alipopima tena juzi grafu karibu ni ileile ya mwanzo! Yeye anasema tuendelee mpaka mstari ulale. Mimi najiuliza kama maumivu yameshuka nahangaika na mstari wa nini, au ndo kusema misuli bado mibovu na maumivu yanakuja tena muda wowote?

Halafu jingine, hizo waya zinatoa umeme? Maana kuna ndugu yangu alibandikwa stika kama hizohizo akawa anasikia vitu vinamtekenya mpaka msuli unaruka, mimi sisikii chochote, nikahisi mashine mbovu.

Mzee wa Mazoezi

Hiyo mashine haijawashwa mkuu, mi nilibandikwa nikasikia fresh kabisa, waambie waongeze kidogo moto.

fizio_zamu

Pole Kiunokigumu. Mzee wa Mazoezi wewe ulibandikwa TENS, hiyo inatuma umeme mwilini ili kupunguza kusikia maumivu, ndo maana inatekenya. Aliyobandikwa mwenzetu ni EMG, yaani kipimo cha umeme wa misuli, haitumi kitu, inasikiliza tu. Ubongo ukiamuru msuli ukaze nyuzi za msuli zenyewe zinatoa umeme mdogo sana, unafika mpaka kwenye ngozi na stika zinaunasa. Kutosikia chochote ndo inavyotakiwa, ukisikia inakuchoma hapo ndo upige kelele.

Sasa kwenye mstari. Jambo hilo halijaanza leo, watafiti Floyd na Silver walilieleza Uingereza miaka ya 1950 na mpaka leo ndo kipimo cha EMG kinachotajwa zaidi kwenye mgongo. Ukianza kuinama misuli mirefu ya mgongo inakaza ili kiwiliwili kishuke taratibu kisidondoke. Ukikaribia mwisho ligamenti (kamba zinazounga mifupa) za nyuma ya uti zinakuwa zimevutika kiasi cha kuweza kubeba uzito zenyewe, na misuli mingine ya ndani zaidi inasaidia, kwa hiyo ile ya juu inaachia. Kwa watu wengi wenye maumivu sugu haiachii. Kwa nini? Hapo sababu ni zaidi ya moja. Wapo ambao mwili unajilinda, misuli inabaki imekaza kama vile uti ni kitu kinachoweza kukatika, na hofu ya kuinama inachangia sana hapo, mtu anaeogopa kuinama utamwona kwenye grafu kabla hajakuambia. Wapo ambao misuli imechoka inafanya kazi ovyo. Na wapo (na hili nakuomba ulisome mara mbili) ambao hawafiki chini ya kutosha! Huko kujizima kunatokea karibu na mwisho wa kuinama, sasa kama wewe unaishia njiani kwa sababu misuli ya nyuma ya mapaja imekaza au umezoea kujizuia, mstari hauwezi kulala hata mgongo wako ungekuwa wa mwanasarakasi. Kwa hiyo swali la kumuuliza fizio wako sio tu mstari umelala au haujalala, muulize je alipima na pembe ya kuinama? Kiuno kilikunja kiasi gani na nyonga kiasi gani, safari ya kwanza na safari hii? Bila pembe ile grafu ni nusu ya habari.

Halafu wapo watu wasioumwa kabisa ambao misuli yao haijizimi vizuri. Na wapo walioumwa wakapona grafu ikabaki vilevile. Uhusiano kati ya kushuka kwa maumivu na kubadilika kwa umeme wa misuli ni wa kulegalega, kwenye kundi kubwa unauona, kwa mtu mmojammoja unakuhadaa. Mimi mgonjwa akiniambia analala, anavaa soksi na anakaa kazini, hayo ndo matokeo. Mstari unanisaidia kuamua mazoezi gani nimpe, siutumii kumwambia amepona au hajapona. Kwa hiyo "tuendelee mpaka mstari ulale" mi binafsi nisingekwambia hivyo.

Waya na Volti

Niongezee upande wa mashine maana ndo kazi yangu, vifaa tiba.

Kiunokigumu kabla hujalaumu misuli yako jua kwamba kulinganisha grafu ya siku moja na ya siku nyingine ni mtego. Umeme unaofika kwenye ngozi ya mgongo ni maikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti moja, ukikaza sana ndo unaweza ukagusa milivolti. Kitu kidogo hivyo kinaharibiwa na kila kitu. Stika ikisogea kidogo namba inabadilika, ukiwa na jasho inabadilika, ukinenepa au ukipungua inabadilika maana mafuta chini ya ngozi yanazima sauti ya msuli. Ule mradi wa Ulaya wa SENIAM ulitoa maelekezo mpaka ya umbali, sentimita 2 kati ya kitovu cha stika moja na mwenzake, na zikae kufuata mwelekeo wa nyuzi za msuli. Kwa msuli mrefu wa mgongo unahesabu mpaka pingili ya kwanza ya kiuno halafu unatoka pembeni upana wa vidole viwili. Fundi mzuri anapiga alama au anachukua vipimo toka kwenye mfupa ili mara ijayo arudi palepale, anayekadiria kwa macho kila siku anapima sehemu nyingine.

Alafu kuna kelele, yaani umeme mwingine usio wa msuli unaoingia kwenye grafu. Moyo wako upo karibu na mgongo, una umeme mkubwa kuliko wa msuli uliotulia, kwa hiyo ukiwa umening'inia chini ukaona vijimlima vinavyorudi kwa mpangilio sawasawa, huo sio msuli wa mgongo huo ni moyo unapiga. Kuna watu wanaambiwa misuli yao haizimi kumbe wanasomewa mapigo ya moyo!! Ndo maana kwenye mgongo wengi wanachuja kila kitu kilicho chini ya hezi 30, yaani mitetemo 30 kwa sekunde. Kingine ni umeme wa ukutani, hezi 50 au 60 kutegemea nchi uliyopo, ukiona mstari mnene uliotulia haupandi haushuki angalia chaja ya kompyuta iliyo karibu na angalia ile stika moja ya kwenye mfupa kama imeshika vizuri, ile ndo rejeo, ikilegea kila kitu kinakuwa takataka.

Kwa hiyo namba ya maikrovolti peke yake isikupe presha. Kinachofaa ni uwiano, anachukua kilele cha wakati unashuka anagawanya kwa kiasi kilichopo ukiwa umetulia chini, zote za siku hiyohiyo na stika zilezile. Hapo unajilinganisha na wewe mwenyewe na mambo ya mafuta na stika yanapungua nguvu. Ukiwa mkubwa maana yake misuli inaachia, ukikaribia moja maana yake haiachii. Muulize kama anatumia huo.

Mama Tuli

Mimi nilipitia hii lakini kwangu ilikuwa tofauti kidogo, sikuwa napimwa tu, nilikuwa naiangalia skrini mwenyewe wakati wa zoezi, wanaita bayofidibeki. Unakaa kwenye kiti umebandikwa, mstari upo juu, unaambiwa ushushe. Hujui unashushaje maana mimi nilikuwa najiona nimelegea kabisa kumbe mgongo umekaza muda wote, hata nikinywa maji nimekaza, hata nikiongea na simu ndo balaa. Unahangaika hivi na hivi, unapumua, unashusha mabega, unaegemea, mara mstari unadondoka na mashine inaacha kulia, unabaki unashangaa haa kumbe hivi ndo kulegea. Baada ya hapo nilikuwa najikamata mwenyewe nikiwa kazini kwamba hapa nimekaza tena.

Kitu kimoja tu nilichogundua, ukizoea skrini sana bila skrini huwezi. Fizio wangu alikuwa ananifunika macho nakisia kama mstari upo juu au chini halafu ndo naangalia, siku nilipoanza kupatia bila kuona akasema basi mashine tunaiweka kando. Kwa hiyo dada au kaka uliyeuliza, muombe akuonyeshe skrini ukiwa chini ujaribu kuachia, pumua nje kichwa kining'inie, wengine wanaachia palepale.

Sijaona Ushahidi

Mnazungumza vizuri lakini tuseme na upande wa pili. Kuna watu wanafanya biashara na hivi vitu. Unabandikwa au unapitishiwa kifaa mgongoni dakika chache, inatoka picha ya uti ina rangi nyekundu na kijani, unaambiwa huku nyekundu pamekaza, unahitaji kuja mara kadhaa kwa wiki mpaka iwe kijani. Chama cha madaktari wa neva Marekani walishasema mwaka 2000 kwamba EMG ya juu ya ngozi haifai kutumika kama kipimo cha kutambua ugonjwa wa maumivu ya mgongo. Hawakusema haina kazi kwenye utafiti, wamesema kugundua ugonjwa kwa mgonjwa mmoja hapana. Mtu mmoja upande wa kulia kukaza kuliko kushoto ni kawaida kabisa, nani mwenye pande mbili sawa?

Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno ukiusoma, kinachopendekezwa ni elimu, mazoezi, tiba za kisaikolojia kama zile za kubadili fikra na mwenendo, masaji, kunyoosha uti kwa mikono, dawa za kutuliza uvimbe. Mkanda wa kiuno na TENS wameweka upande wa visivyopendekezwa, Mzee wa Mazoezi pole. Watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, unafikiri wote wangepimwa umeme ndo wapone?

fizio_zamu

Sijaona Ushahidi nakubaliana na wewe kwenye zile picha za rangi, zile hata mimi zinaniudhi. Ila tusichanganye kutambua ugonjwa na kuongoza tiba. Ile bayofidibeki aliyoisema Mama Tuli ipo kwenye mwongozo wa chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani, ACP, wa mwaka 2017, kwenye orodha ya tiba zisizo na dawa za kuanza nazo kwa maumivu sugu ya kiuno. Walisema wenyewe kwamba ushahidi wake ni wa kiwango cha chini, na mimi sikuambii ni muujiza. Lakini kwa mgonjwa aliyekaza bila kujua inafupisha maelezo, badala ya mimi kusema legea legea legea mpaka ananichukia anaona mwenyewe.

Na kuna faida nyingine haisemwi, mtu anaeogopa kuinama akiona kwenye skrini kwamba ameinama na misuli imeachia na hakuna kilichovunjika, hofu inapungua.

Pingili ya Tano

Samahani wakuu nidandie uzi. Mimi nilichomwa sindano mguuni na mgongoni wanaangalia misuli, na kabla ya hapo walinipiga vishoti mguuni. Ndo hiyohiyo EMG? Maana ile iliuma bana. Na wiki hii fizio amenilaza kifudifudi nusu ya juu ya mwili ipo nje ya kitanda, miguu imefungwa mikanda, ananiambia kaa hivyo usishuke, huku nina stika. Nilitetemeka kama jani.

fizio_zamu

Pingili ya Tano ile ya sindano ni ndugu yake lakini swali lake ni jingine. Ile inafanywa na daktari wa neva, anaingiza sindano ndani ya msuli anaangalia kama neva inayoulisha imejeruhiwa. Msuli uliopoteza neva unakuwa unarusha umeme wenyewe hata ukiwa umetulia. Hiyo inachukua muda kujitokeza, kama wiki mbili tatu hivi toka neva iumie, kwa hiyo ukichomwa siku ya pili toka mguu uanze kufa ganzi unaweza kuambiwa upo sawa na haupo sawa. Vile vishoti ni kupima mwendo wa umeme kwenye neva. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu wajulishe kabla ya sindano. Ya stika haiwezi kukuambia neva imebanwa au haijabanwa, asikudanganye mtu.

Hilo la kuning'inia nje ya kitanda ni kipimo cha Biering-Sørensen, Mdenmark, aliandika mwaka 1984. Kinapima misuli ya mgongo inavumilia muda gani, wanakuacha mpaka sekunde 240 kisha wanakusimamisha hata kama bado unaweza. Aliona kwa wanaume kwamba wenye uvumilivu mzuri walikuwa na nafasi ndogo ya kuanza kuumwa mgongo. Ukiweka na stika unaona kitu kizuri, msuli ukichoka umeme wake unabadilika mdundo, masafa yanashuka hezi baada ya hezi hata kabla wewe hujasema nimechoka. Kasi ya kushuka ndo inayoangaliwa.

Waya na Volti

Nisisitize hapo kwenye masafa, hiyo ndo sababu mashine inatakiwa ichukue sampuli zisizopungua 1000 kwa sekunde, maana mawimbi ya msuli yanafika kama hezi 500. Vijimashine vingine vya bei ya kutupa vinakupa mstari uliolainishwa tu, kwa bayofidibeki sawa, kwa kupima uchovu hapana.

Na kitu kingine, msisikie mtu anasema anapima multifidus (msuli mfupi unaoshika pingili za uti) ya ndani kwa stika. Stika inasikia msuli ulio karibu na ngozi pamoja na majirani zake wote wanaopiga kelele. Zile tafiti za misuli ya ndani kabisa kama ya Hodges na Richardson ya 1996, walioona msuli wa tumbo wa ndani unachelewa kuwaka kwa wenye maumivu ya mgongo mtu akinyanyua mkono, walitumia waya nyembamba zinazochomekwa ndani ya msuli. Sio stika.

Kiunokigumu

Aisee asanteni sana, sikutegemea. Nimemuuliza leo. Pembe hakupima kwa kifaa ila kanionyesha video aliyokuwa anarekodi, na kweli safari zote mbili nimeishia mikono ikiwa juu kidogo ya magoti, kiuno kimenyooka kama ubao nakunja nyonga tu. Akanikalisha kwenye kiti niiname kati ya magoti, stika zikiwa zimebaki, mstari upande wa kulia ukashuka vizuri, kushoto bado unabishabisha. Anatumia uwiano pia, kumbe ile karatasi aliyonipa ndo ilikuwa imeandikwa hiyo namba nikadhani ni kiwango cha ugonjwa.

Tumekubaliana tupunguze kupima, tuongeze mazoezi ya kuinama na kunyanyua vitu taratibu na uzito unapanda kidogokidogo. Sasa swali dogo la mwisho, pale zilipokaa stika pametoka vipele vinawasha, nifanyeje? Na hivi ni lazima kunyolewa mgongo?

fizio_zamu

Kukaa na kuinama nayo tunaitumia sana kwa watu kama wewe, safi. Lakini usijaribu kulazimisha upande wa kushoto, utaachia wenyewe. Na hili kwa wote wanaosoma, ukipata ganzi sehemu unayokalia, mkojo ukagoma au ukakutoka bila kujua, au mguu ukakosa nguvu ghafla, achana na grafu na fizio, kimbia hospitali muda huohuo.

Waya na Volti

Vipele mara nyingi ni gundi au jeli, au walikusugua sana kabla ya kubandika. Mwambie abadilishe aina ya stika, zipo za ngozi nyepesi, na asibandike juu ya ngozi yenye vipele maana hata kipimo hakitatoka vizuri. Kunyoa ni kama una nywele nyingi tu, stika isiposhika inaleta kelele. Ukimaliza osha na maji na sabuni ya kawaida, usipake mafuta mgongoni siku ya kwenda kupimwa.

Mzee wa Mazoezi

Kwa hiyo hii TENS yangu niuze au?

Sijaona Ushahidi

Kama inakupa usingizi baki nayo mzee, ila usiache mazoezi kwa ajili yake.